Mrithi wa Draiva ya Mizani

Mimi sipendi watu wanaogawa mali ya mtu aliye hai. Na Atuti, kaka mkubwa wa Oyaro, alikuwa na ugonjwa huo. Kwa sababu Oyaro na mkewe Nyatichi walikuwa na wasichana wanne na hakuna mvulana, Atuti alitangaza kila mahali kwamba shamba lao la chai litakuja kwake.

Oyaro alikuwa fundi wa stima katika kiwanda chetu kidogo cha majani chai, upande wa Mogogosiek. Mimi nilikuwa karani wa ofisi. Mwaka wa 1998 aliunganisha mizani ya majani na kompyuta kuukuu yenye Linux, ile programu ya bure inayotengenezwa na watu wa dunia nzima kwa barua pepe. Ili kompyuta na mizani zielewane, aliandika mwenyewe draiva, yaani programu ndogo ya kutafsiri kati yao. Lakini kila Linux mpya ilipotoka, draiva iligoma, naye akaitwa hata akiwa kanisani. Akaamua kuomba iingizwe ndani ya Linux yenyewe, itunzwe na wote.

Wasimamizi wa Linux walimrudishia. Eti nafasi za mistari si sawa. Akarekebisha, wakasema ni ndefu, aikate vipande. Akaikata vipande kumi na moja, nami nikashikilia simu ya ofisi, maana intaneti ilipitia humo, asubuhi nzima kuvituma, meneja akinung'unika. Mwishowe msimamizi mmoja Mjerumani akauliza jambo moja tu: "Ukifa, nani ataitunza?"

Jameni, huko kwao hilo ni swali la kazi. Kwa kina Oyaro ni kikao cha ukoo. Jumamosi wazee walikutana kwake, chifu akiwepo, nami nikaja na taipureta. Mchungaji alianza kwa kukikemea kile kifo kutoka Ujerumani. Kisha wakabishana saa mbili nani arithi draiva. Atuti aliuliza kama inatoa maziwa. Akaambiwa haitoi kitu, inatengenezwa tu kila mwaka, bila malipo.

"Hiyo mpeni Nyatichi," akasema, akicheka.

Wazee wote wakacheka. Nyatichi alikuwa amekaa pembeni na wasichana wake, ameinamisha kichwa. Hasira ikanipanda. Nikapiga taipu kwamba Nyatichi atarithi draiva ya mizani, pamoja na shamba, nyumba na ng'ombe. Oyaro alisoma yote polepole, akanitazama, akatia sahihi. Atuti alitia yake kama shahidi bila kusoma, maana nyama ilikuwa tayari. Chifu akagonga muhuri. Nakala nikamtumia Mjerumani kwa posta.

Draiva ilikubaliwa. Mwaka uliofuata Oyaro alilazwa na malaria, na kabla hajatoka hospitali Atuti akafika shambani na kamba ya kupimia. Nyatichi akaingia ndani, akarudi na karatasi. Atuti aliisoma mara mbili.

"Sahihi ni yako, shemeji," Nyatichi akamwambia. "Kama una neno, mwandikie Mjerumani."