Masters ya Usawa, Sababu Moja

Juzi nikiwa cyber hapa Mbita, aliingia mwalimu mmoja kipofu, ameshikwa mkono na binti yake, msichana mdogo. Jamaa wa kaunta akamuuliza msichana, "Anataka nini?"

"Niulize mimi," mwalimu akasema. "Naomba nafasi chuoni, masters ya usawa wa watu. Mwisho ni leo saa kumi."

Fomu ikafunguka. "Madam, wanataka sababu. Nikuwekee zile watu hukopi?"

"Aa, nyathina, mtoto wangu. Andika: nikiingia ofisi, watu huongea na yule amenishika mkono."

Jamaa akamgeukia. "Pole, mwalimu."

"Pole baadaye. Ongeza: hata leo, hapa cyber."

Akaandika yote, kichwa chini, akatuma.

Mimi niliachia shule form two. Kozi yenyewe hajaanza, na tayari amefunza watu wawili.