Mlango Uliofungwa Mchana

Katika kambi ya reli pale Kamina, nyumba zetu za matofali zilipangwa mstari mmoja, na milango yote ilikuwa wazi tangu alfajiri hadi giza. Mlango wazi ndio adabu. Lakini jamani, adabu ile ilinitoa roho! Huyu anaingia kuomba chumvi, shemeji ameshuka kwenye treni na samaki wakavu wa Kinkondja na njaa yote ya safari, watoto wanagombea kikombe kimoja, na sufuria haijapoa inarudishwa motoni. Mume wangu alikuwa dereva wa garimoshi. Alikuja na kuondoka kwa saa za treni, si za binadamu, na kila akifika lazima akute bukari ya moto, yaani ugali wetu. Miaka ile sikuwahi kukaa chini bila kuitwa.

Siku moja mambo yakanifika kooni. Mume alikuwa safarini, watoto wako shuleni. Nikafumua nywele nizichane kwa raha, nikatia miguu kwenye beseni la maji, nikafunga mlango. Saa moja tu, nikasema. Saa moja ya kwangu mwenyewe, hata Mungu asinitume.

Nilikuwa nimejisahaulisha kwamba kwetu mlango haufungwi mchana ila kwa sababu mbili: wenye nyumba wamesafiri, au kuna msiba. Na asubuhi ile kila mtu alikuwa ameniona bombani nikiteka maji.

Maji ya beseni hayajatulia nikasikia kilio nje. Aliyeanza alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mama mtu mzima niliyemwita yaya, yaani dada mkubwa.

"Mama yee! Treni iliua bwana yake!"

Nikafungua mlango kwa hasira, na hapo ndipo nilipoharibu kabisa. Walichoona ni mwanamke mwenye macho mekundu na nywele zimefumuliwa, na kwetu nani huzifumua akatoka nazo hivyo kama si mfiwa? Kilio kikazidi.

"Hakuna mutu alikufa!" nikapiga kelele. "Minyi niko napumuzika!"

"Masikini," akasema yaya, akinishika mabega. "Akili iliruka. Mumukalishe."

Wakanikalisha kwenye mkeka. Kila nilipojaribu kuinuka, mikono ikanirudisha chini. Wengine walishaleta unga na kuni, maana mfiwa hapiki. Wakapika, wakateka maji, wakawaogesha watoto wangu waliporudi shuleni. Mimi nimekaa, nimenuna, kichwa kinagonga kwa vilio vyao. Nilitaka kimya nikapewa matanga! Ningewapiga wote kwa mwiko, lakini hata mwiko walikuwa wameuchukua.

Jioni mume wangu akatokea na kikapu chake cha safari, mweusi kwa moshi, akapita katikati ya kina mama wanaomlilia.

"Nani alikufa?" akauliza.

Wengine walikimbia. Wengine walicheka hadi wakashika mbavu, na wengine wakanikasirikia mimi, eti nimewachosha bure. Yeye akaketi, akala ile bukari ya msiba wake mwenyewe, akaomba nyongeza.

Watu wakatawanyika, yaya akabaki. Nikajua sasa nitagombezwa. Akaingia ndani, akaliangalia beseni langu, maji bado yamo.

"Humu ndani ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naikala tu."

"Peke yako?"

"Peke yangu."

Akageuka kuutazama mlango wangu. Nyumba yake ilijaa watu kuliko yangu, wajukuu juu ya watoto, na sikuwahi kumwona ameketi isipokuwa kanisani na msibani.

"Kesho minyi njo nitafunga mulango," akasema polepole. "Weye utaikala inje. Utaambia bantu nilienda Kabongo."

Kesho yake nikaweka kinu mbele ya mlango wake, na kila aliyeuliza nikamwambia Kabongo. Nilitwanga sombe, majani ya muhogo, kwa nguvu zangu zote, hata ilipokuwa imeshalainika, kwa sababu ndani yaya alikuwa anakoroma.