Matunda Haiungui

Kwa miaka minane nimekuwa mtu wa matunda katika familia ya mume wangu. Siku ya shughuli kwao Mukurweini, akina mama hugawana kazi asubuhi na mapema: huyu mchele, huyu nyama, wale wawili chapati, yule mukimo wa viazi na mahindi. Mimi utanikuta nyuma ya nyumba kwenye meza ya plastiki, nikiwa na kisu na karai la matikiti. Ninamenya, ninakata, ninadunga vijiti vya meno, ninafunika ili nzi wasitue. Wageni wakimaliza kula, sahani zangu hupelekwa mezani. Watoto hula tikiti, wazee husema meno yamechoka, na mengine yote hurudi kwangu jinsi yalivyokwenda.

Kazi hiyo sikuichagua. Nilikulia Nanyuki katika nyumba ya watu wanne, jiko letu la gesi, sufuria yetu kubwa kabisa ikitosha mchele kilo moja. Mwaka nilioolewa, familia ilipokutana Disemba kwa maombi, niliambiwa nipike mchele wa watu themanini kwenye moto wa kuni. Sikusema siwezi. Bibi arusi atasemaje hawezi? Nilimimina maji kwa kukisia, nikasukuma kuni nyingi ndani, nikafunika, kisha nikaenda kubadilisha nguo ili wageni wanikute nadhifu. Niliporudi, mchele ulikuwa umeungua chini na mbichi juu, na moshi ulikuwa umeingia hadi kwenye kabichi ya sufuria ya pili. Siku hiyo watu walikula nyama na chapati.

Msimamizi wa jiko la familia ni shangazi wa mume wangu, ambaye sote tunamwita tata. Ni mwanamke mfupi, kitambaa kichwani, mwiko mkononi, na hajawahi kupaza sauti mbele yangu. Alifunua sufuria yangu, akaitazama, akaifunika tena polepole. Kisha akawaambia wenzake bila hata kunigeukia:

“Huyu mpeni matunda. Matunda haiungui.”

Walicheka. Mimi pia nikacheka, maana ningefanya nini? Halafu nikaketi chini na ile sufuria, nikaisugua kwa jivu na mchanga mpaka jua likashuka nyuma ya migomba, huku wenzangu wakinywa chai. Nilikasirika siku hiyo, na hasira yangu sikuiacha ipoe. Kila shughuli iliyofuata niliketi kwenye meza yangu ya plastiki nikimtazama tata na moto wake, na kila shughuli sahani zangu zilirudi zimejaa.

Mwaka huu wifi yangu, mdogo wa mume wangu, alipata mchumba, na ruracio ikapangwa, siku ambayo wazee wa upande wa kijana huja kuongea na wazee wa msichana. Tata alituma ujumbe wa sauti kwenye kundi letu la akina mama akigawa kazi. Alitaja watu wote mmoja mmoja, halafu akamalizia: “Na matunda ni yule wetu wa matunda.” Hata jina hakutaja. Nilisikiliza mara mbili nikiwa nimesimama na ufagio mkononi, na nikaamua kwamba basi. Nilitaka kitu kimoja tu: tata aweke mdomoni kitu nilichokipika mimi kwenye moto, na akose la kusema.

Kwenye simu nilikuwa nimeona mwanamke fulani akichovya vipande vya tufaha ndani ya karameli ya moto. Alisema ni rahisi. Sukari kikombe kimoja, siagi kijiko, krimu nusu kikombe, chumvi kidogo, dakika kumi umemaliza. Alikuwa na kucha ndefu nyekundu na jiko lisilo na hata tone la mafuta, na mimi nikamwamini.

Nyumbani kwetu Gatitu, ninakoishi na mume wangu, nilijaribu Jumatatu ya wiki ya ruracio. Nilitia sukari kwenye sufuria nikaikoroga kama uji, ikagandamana ikawa vijiwe vyeupe. Jumatano sikukoroga, lakini niligeuka kujibu simu kidogo tu, na nikarudi nikakuta kitu cheusi kinafuka moshi. Mume wangu alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kazini. Alisimama mlangoni, akavuta hewa.

“Leo tunakula mchele?” akauliza.

Jioni hiyo alijipashia chakula mwenyewe.

Alhamisi niliipata rangi, ile ya kahawia yenye wekundu, nzuri ajabu. Nikamimina krimu moja kwa moja kutoka kwenye friji. Sufuria iliruka povu hadi ukutani, tone moja likanichoma kidole, na sukari ikaukamata mwiko ikaushika kama simenti. Niliketi kwenye kiti cha jikoni nikalia. Sikuwa nalilia sukari. Nililia kwa sababu nilikuwa nimeanza kuamini kwamba tata alisema kweli, kwamba mimi ni mtu wa kupewa kitu kisichoweza kuungua.

Ijumaa mchana nilikwenda Mukurweini na mananasi na matufaha yangu ili niyaoshe mapema. Nilimkuta mama mkwe jikoni akichemsha maziwa. Yeye si mtu wa maneno mengi, lakini macho yake hayapitwi na kitu, na aliona kidole changu kabla sijatua mizigo.

“Umechomwa na nini?”

Nikamweleza yote, tangu Jumatatu. Nilimweleza kwa kirefu, na ukutani nikamwekea povu jingi kuliko lililokuwapo. Alisikiliza hadi mwisho akipuliza maziwa yasimwagike.

“Si hiyo ni sukari ya kuchoma,” akasema.

“Inaitwa karameli, mum.”

“Ni sukari ya kuchoma. Watoto wakiwa wadogo, na majani ya chai imeisha kwa nyumba, si ndio nilikuwa naweka kwa maziwa ipate rangi? Bwanako amekunywa hiyo miaka mingi. Alikuwa anadhani ni chai.”

Kwa wiki nzima nilikuwa namfuata mwanamke wa kucha nyekundu, na kumbe mwalimu alikuwa hapa, amevaa viatu vya gambuti, ananuka ng'ombe.

Alichukua sufuria ndogo kavu, akatandaza sukari kikombe kimoja chini, akaiweka kwenye moto mdogo. Nilinyoosha mkono kuchukua mwiko, akanipiga kofi dogo vidoleni.

“Usikoroge. Sukari haitaki kusumbuliwa. Ukiona pembeni imeyeyuka, shika sufuria uizungushe hivi.”

Alizungusha. Sukari ilianza kuwa maji pembeni, kisha katikati, kisha ikawa rangi ya asali. Nilitaka kusema iendelee kidogo, lakini tayari alikuwa ameitoa kwenye moto.

“Ukingoja mpaka uone imeiva, umechelewa,” akasema. “Itoe ikiwa bado kidogo. Hiyo ingine itajimalizia yenyewe.”

Pale mezani palikuwa na bakuli la malai, ule utando mzito unaobaki juu ya maziwa yaliyochemka yakapoa. Aliipasha malai mpaka ikatoa mvuke, ndipo akaimimina kidogo kidogo. Sukari ilinguruma, povu likapanda, akangoja, likashuka. “Kitu baridi itakurukia,” akasema. “Lazima zote ziwe moto.” Akatia kijiko cha siagi, akatia chumvi ya kushikwa kwa vidole viwili, ndipo sasa akakoroga.

Tulichovya ndizi mbivu kutoka kwenye mkungu uliokuwa umeegemea ukuta. Nilifumba macho. Ilikuwa tamu, halafu kwa mbali chungu kidogo, halafu ile chumvi ikaja nyuma, na ndizi ambayo nimeikata miaka minane bila kuijali ikawa kitu kingine kabisa. Mama mkwe alilamba kijiko, akafikiri.

“Kwa chai itakuwa nzito,” akasema. “Lakini ni sawa. Kesho unafanya wewe, mimi sitagusa. Nikigusa watasema ni mimi.”

Nilikuwa nimepanga kutumia gesi yake, moto mdogo unaotii. Jumamosi asubuhi gesi iliisha ikichemsha chai ya kwanza. Ukabaki moto wa kuni kule nje, mafiga yaleyale matatu ya miaka minane iliyopita, na tata amesimama kando yake na mwiko wake. Nilitoka na sufuria yangu.

“Tata, naomba moto kidogo.”

“Moto ya nini?”

“Ya matunda.”

Wale wawili wa chapati waliacha kusukuma. Tata aliniangalia usoni, akaiangalia sufuria, kisha akaisogeza nyama yake upande mmoja. Nadhani alitaka kuona mwisho wake.

Sikusukuma kuni ndani. Nilizivuta nje, moja baada ya nyingine, mpaka yakabaki makaa. Hilo sikufundishwa na mtu. Ukikaa kwenye meza ya matunda miaka minane hukosi kuona jinsi tata anavyoutuliza moto, na nilikuwa nimeona kila kitu.

Nikatandaza sukari. Safari hii sikwenda kubadilisha nguo, na simu nilikuwa nimeiacha ndani chini ya mto. Pembeni pakayeyuka, nikashika sufuria kwa kitambaa nikaizungusha. Harufu ikaanza kutoka.

“Kuna kitu inaungua,” akasema mmoja wa wale wa chapati.

“Bado,” nikasema.

“Ati bado?”

Macho yangu yalikuwa kwenye sufuria. Sukari ilikuwa rangi ya asali. Kila kitu ndani yangu kilisema ngoja kidogo. Nikaitoa. Nikaiweka chini kwenye nyasi, nikaitazama ikijimalizia yenyewe, ikageuka kahawia yenye wekundu mbele ya macho yangu. Nikamimina malai ya moto kidogo kidogo, povu likapanda hadi ukingoni, nikangoja, likashuka. Siagi. Chumvi. Nikakoroga, na mwiko ukaacha njia nyuma yake, laini, inang'aa. Niliimimina nusu kwenye hotipoti ndogo ya chapati nikaifunga ikae na joto lake, na nusu nyingine nikaiacha kwenye sufuria pembeni ya makaa.

Tikiti nililiachia watoto, maana karameli huteleza juu yake kama mvua kwenye bati. Nilipanga ndizi, nanasi, tufaha, na yale mapeasi magumu ya mti ulio nyuma ya zizi ambayo hakuna mtu huyala. Nyama ilipokwisha na mikono ikaoshwa, sahani nilizibeba mwenyewe hadi kwenye hema la wageni, nikamimina karameli kwenye bakuli mbele ya wazee, ingali inatoa mvuke.

Mzee mmoja wa upande wa wageni, mwenye kofia ya manyoya na fimbo, alichukua kipande cha peasi kama mtu anayetimiza wajibu. Akachovya. Akatafuna. Alinyoosha mkono akalivuta bakuli karibu naye. Jirani yake alipotaka kujaribu, ikabidi ainuke kwenye kiti kulifikia. Baada ya hapo sikuona tena matunda, niliona mikono tu. Nilirudi nyuma ya nyumba nikasimama nikitazama ukuta na kucheka peke yangu.

Haukupita muda, mama mmoja wa wageni akaja hadi jikoni akiwa na bakuli tupu.

“Wazee wanauliza kama kuna ingine. Na wanauliza nani amepika.”

Kila mtu alimgeukia tata, kwa sababu swali hilo katika boma lile lina jibu moja tangu zamani. Mama mkwe alikuwa anaosha vikombe, na aliendelea kuosha vikombe. Tata alilitazama bakuli tupu. Kisha akaninyooshea mwiko.

“Ni huyu,” akasema.

Nilimimina bakulini ile nusu iliyokuwa imebaki kwenye sufuria, nikampa mgeni.

Wageni walipoondoka, mambo yakiwa yamekwenda vizuri na wifi yangu akiwa haishi kutabasamu, nilizunguka nyuma kukusanya vyombo. Meza yangu ya plastiki ilikuwa na sahani tupu na vijiti vya meno. Sufuria haikuwapo. Nilimkuta tata kwenye kile kiti chake kifupi kando ya makaa, sufuria yangu katikati ya magoti, anaipangusa ndani kwa kipande cha ndizi. Aliniona, na hakuacha.

“Hii umefanya na nini?”

“Sukari, tata. Nimeiunguza kidogo.”

Tata aliinua sufuria, akainusa. Halafu akaanza kucheka, kicheko cha chinichini kilichomtikisa mabega, na mimi nikacheka naye, na safari hii nilicheka kwa kupenda kwangu.

“Disemba mchele ni yako,” akasema.

Nilikuwa nimelingoja neno hilo miaka minane.

“Na matunda, tata?”

Alipitisha ndizi mara ya mwisho chini ya sufuria, akaila, akajifuta vidole kwenye leso.

“Matunda nitakata mimi,” akasema. “Hiyo haiungui.”

Akanipa sufuria. Niliipeleka kwenye mfereji kuiosha, na hapakuwa na cha kusugua.