Etiketi ya Duka Langu

Leo muganga amenivua nguo mbele ya mama yangu.

Mi nauza poda ya asidi amino hapa Mutakura, ile vijana wa mazoezi wanakunywa ili wapate misuli.

Mama alikuwa anakonda. Nikamupa kopo moja. "Kunywa, mama, ni ya nguvu tu."

Wiki mbili: kichefuchefu, miguu imevimba. Leo nikamupeleka kwa muganga, pamoja na lile kopo.

Muganga anauliza: "Mama, figo zako ni nzima?"

"Apana, zinanisumbua tangu zamani."

Nilikuwa najua. Nyumbani nani hajui?

Muganga akashika kopo. Pale mbele kuna etiketi ya duka langu, jina na simu. Naibandika mwenyewe kwa kila kopo, juu ya yale maandishi madogo ya Kifaransa. Nani anayasoma?

Akaibandua na ukucha, pole pole, akasoma kwa sauti: mwenye ugonjwa wa figo asitumie bila kuuliza muganga.



Mama akanitetea: "Dokta, mutoto wangu hakujua."

Hiyo ndiyo inaniuma.

Munitukane hapa chini, sitajibu.

Lakini kama ulinunua kwangu, kwanza bandua jina langu, usome.