Mgeni wa Makere

Asubuhi hiyo niliondoka Kibondo bila kujua niendako. Nilibeba begi langu, kitambulisho cha kampuni nikakiacha mezani, nikapanda lori la kwanza lililosimama. Lilikuwa linaelekea kaskazini. Hilo lilinitosha, maana Makere iko kusini, na sikuwa na uso wa kwenda Makere.

Huko ndiko nilikolelewa na shangazi. Alinisomesha kwa asali. Kila msimu nilimshikia mwenge wa moshi akirina, nikimchosha kwa maswali: nyuki hulala? Malkia akifa inakuwaje? "Waulize wenyewe, mimi nina kazi," alikuwa akinijibu. Jambo moja alinikataza: kutaja idadi ya mizinga mbele ya watu. Kwetu mwenye mizinga arobaini husema ana miwili mitatu ya kubahatisha. Anayejitapa huita kijicho.

Nikiwa mwaka wa pili chuoni, nilipata mafunzo kwa vitendo katika kampuni inayotia mtaji kwenye biashara changa, nayo hupewa sehemu ya umiliki. Tulikuja Kibondo kutafuta biashara zitakazokua. Orodha ya waombaji ilipofika, miongoni mwao kilikuwamo kikundi cha warina asali wa Makere, kilichotaka mashine ya kukamulia. Mwenyekiti wake alikuwa shangazi.

Sikumwambia bosi. Nilikuwa nimeshamdanganya kwamba nimekulia Dar es Salaam. Tulikwenda Makere na mkalimani. Shangazi aliponiona alifungua mdomo, nami nikawahi kumpa mkono. "Shikamoo, mama."

Alinitazama. "Marahaba, mgeni."

Kuanzia hapo alisema Kiha tu. Bosi akauliza wana mizinga mingapi.

"Anasema ni vimizinga vichache, vya kubahatisha," mkalimani akatafsiri.

"Andika," bosi akaniambia.

Mizinga ile niliijua. Mingine niliipandisha mtini kwa mikono yangu. Lakini ningesema, ningeulizwa nimejuaje. Nikaandika: michache.

Tulipokuwa tunaondoka, shangazi aliagiza tupewe viazi vya kuchemsha. "Mwongezeni huyu mgeni kijana," alisema kwa Kiha. "Huenda kwao hakuna." Wanawake wote wa kikundi walinijua tangu utotoni. Walicheka mpaka wakashikana mabega. Nami nikacheka, kama mtu asiyeelewa.

Wiki mbili baadaye kampuni iliamua: kikundi ni kidogo mno, hakifai kupewa mtaji. Barua niliichapa mimi. Kesho yake ndipo nilipopanda lile lori, na chuoni sikurudi tena.

Nilishuka Kasanda mchana, kwa sababu tu dereva alisimama kula. Mama mwenye nyumba ya wageni alinisogezea daftari.

"Jaza yote, kaka. Jina, kabila, utokako, kazi."

Niliandika Mha. Niliandika Makere. Kwenye kazi nikapaacha wazi.

Chumba kilikuwa na kitanda, chandarua na ndoo. Nikaketi, nikapiga simu.

"Shangazi, ni mimi."

"Mimi nani? Siku hizi tuna wageni wengi."

"Niliandika uongo, shangazi. Nampigia bosi sasa hivi, namwambia mizinga ni arobaini na…"

"Wee! Usithubutu kutaja mizinga yangu kwenye simu!"

Nikasikia kuku wake wakigombana uani.

"Umepata pa kulala?" akauliza.

"Nimepata."

"Haya. Pumzika basi, mgeni."