Kipele Chini ya Bawa

Bwana mifugo wa kata yetu hapa Chemba huongea na kuku kwa sauti ya chini, kama anayembembeleza mtoto mchanga. Kabla ya kumgusa hata mmoja, humwaga maji yaliyotuama kwenye makopo, maana humo huzaliana mbu wanaoeneza ndui, iliyopofusha na kuua kuku wote wa Mama Editha mwaka jana. Akishachoma chanjo kwenye ngozi ya bawa, huyalaza manyoya kwa kidole gumba. Jana, siku ya saba tangu achanje kuku wapya wa mama huyo, alirudi kukagua. Kila bawa aliloinua lilikuwa na kipele kidogo.

"Mama, njoo uone! Chanjo imeshika!"

"Wote?"

"Wote, mama!"

Mama Editha akapiga vigelegele, na bwana mifugo akacheza katikati ya banda, jogoo kwapani.