Mugalula Ala Senene

Ssalongo Mugalula, baba wa mapacha na muuza magodoro wa hapa Masaka, alirudi shule akiwa na mvi kichwani. Tulisoma naye stashahada ya maendeleo ya jamii, darasa la Jumamosi. Mwalimu Nakitto aliruhusu akili mnemba, ila kwa masharti: useme imekusaidia wapi, na usituletee kitu ambacho hujakikagua. Insha ya mwisho ilihusu chakula cha nyumbani. Ukifeli hiyo, unarudia mwaka.

Mugalula akaona ya nini ajitaabishe. Akaiagiza simu imwandikie, akaja akatusomea kwa sauti ya padri:

"Kila Novemba mama alinikaangia senene kwa vitunguu, nikala mpaka nikalamba vidole."

Darasa likaangua kicheko. Mugalula ni wa ukoo wa Senene, uliopewa jina la panzi haohao, na kwetu mtu hali mwiko wa ukoo wake, hata awe anakufa njaa.

Teopista, mwanafunzi mwenzetu wa ukoo huohuo, kwa hiyo kwa desturi yetu ni shangazi yake, alisimama. "Wee Ssalongo! Umetutafuna?"

"Tena kwa vitunguu!" mtu akadakia nyuma.

Mwalimu hakucheka. "Ssalongo, uliwala kweli?"

Jamani, nilimwonea huruma. Akisema ndiyo, amekula ukoo. Akisema hapana, insha si yake. Akafuta jasho.

"Sijala hata mmoja, mwalimu. Imeandika simu. Na mimi sikuipitia."

"Basi hiyo sifuri. Kaa uandike yako hapahapa. Simu ikusahihishie herufi tu, na uitaje."

Akaandika, ulimi nje kama mtoto. Alipomaliza alitutajia kwanza nukta alizowekewa na simu, kisha akasoma polepole:

"Mama hakuwa wa ukoo wetu. Msimu wa senene alikuwa anajipenyeza kwa jirani, anakula, anasukutua mdomo, ndipo anarudi. Baba alijua. Alimuuliza tu, 'Jirani hajambo?' Mama anajibu, 'Hajambo, anakusalimu.' Mwaka aliofariki baba, jirani alimletea sahani hadi mlangoni. Hakukuwa tena na wa kumficha. Mama akasema, 'Nimeshiba.' Hajawala mpaka leo."

Teopista alijifuta macho kwa ncha ya gomesi, gauni lake refu, akamgeukia mwalimu. "Ukimfelisha huyu, mimi na wewe hatusalimiani."

"Nani kasema namfelisha?" mwalimu akajibu.